Joto, Kelele na Mgongo: Kutafuta Chanzo cha Kero Katika Chumba cha Kazi Mombasa

Mtu wa Mombasa akisema ofisi yake haikaliki, mara nyingi huwa ameshanunua kitu. Ameongeza kiyoyozi, au ameleta kiti cha bei, au amebandika sponji ukutani, na kero iko pale pale. Hapa kwetu joto, hewa na kelele vyote vinapita njia moja, nayo ni dirisha. Ukilifunga kukwepa honi za matatu, hewa inachakaa. Ukiwasha kiyoyozi ili uweze kuvumilia kulifunga, kichwa kinauma na kuta zinaota kuvu. Ukilifungua, honi zinarudi, na jua la magharibi linaingia pamoja nazo. Kwa hiyo dalili unayoiona leo huenda ililetwa na dawa ya mwezi jana. Kabla ya kutoa pesa nyingine, pima kwanza.

Vifaa vya kupimia unavyo tayari au ni vya bei ndogo: kijiti cha udi, tochi ya simu, futi ya fundi, na kile kipimajoto cha kuweka mezani kinachoonyesha joto na unyevu pamoja. Programu ya simu ya kupima sauti inafaa kulinganisha tu, kabla na baada ya kufunga mlango kwa mfano. Usiende nayo kortini.

Kichwa kinakuwa kizito kuanzia saa nane mchana

Watu husingizia pilau. Pengine ni kweli, lakini kama chumba kizima kinapiga miayo, na aliyetoka nje kupokea simu anarudi amechangamka, basi tatizo ni hewa. Kiyoyozi cha kawaida, kile chenye kipande kimoja ukutani ndani na kingine nje, hakileti hewa mpya hata kidogo. Kinavuta hewa ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Yale mabomba mawili ya shaba yanayopita ukutani yanabeba gesi ya kupozea tu. Wenye ofisi wengi hudhani kwamba chumba chenye kiyoyozi kina hewa safi, kumbe wafanyakazi wanavuta pumzi za wenzao zilizopozwa.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi kiasi cha sehemu 420 kwa kila milioni. Ndani, ikizidi 1,000, ujue hewa mpya haitoshi. Mtu aliyekaa kwenye dawati hutoa lita zipatazo 18 za gesi hiyo kwa saa. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mfanyakazi awe na nafasi ya angalau mita 10 za ujazo, bila kuhesabu nafasi iliyo juu zaidi ya mita 4.5 kutoka sakafuni. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kina mita 32 na ushei, yaani watu watatu. Lakini hata hao watatu, chumba kikizibwa kabisa, watavuka 1,000 katika dakika 20 hivi. Kinachowaokoa ni nyufa za milango. Na ghorofani kwenye barabara kama Moi Avenue si ajabu kukuta chumba cha ukubwa huo kimebeba watu sita na mashine ya kutoa nakala.

Jaribio: washa kijiti cha udi, ukishike karibu na upenyo wa mlango, kisha katikati ya chumba, kisha kwenye dirisha. Moshi ukipanda wima kila mahali bila kuyumba, hewa yako imelala. Fanya jaribio la pili saa nane yenyewe: fungua dirisha na mlango wa upande wa pili kwa dakika kumi. Miayo ikipungua, umepata jibu bila kumlipa mtu.

Tiba ni kuweka njia mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Wahandisi hulenga lita 8 hadi 10 za hewa mpya kwa kila mtu kwa kila sekunde. Feni ndogo ya kutolea hewa, ya aina ya jikoni, ikiwekwa juu upande mmoja, na upenyo wa kuingiza ukiwa chini upande mwingine, hufanya kazi hiyo katika ofisi ndogo. Mafundi wengi huweka feni hiyo palipo rahisi kupitisha waya, yaani juu ya dirisha lile lile linaloingiza hewa. Hewa inaingia na kutoka hapo hapo, na aliye pembeni hafikiwi na chochote. Kabla fundi hajatoboa ukuta, muulize hewa itatoka wapi kwenda wapi.

Kuna maumivu ya kichwa ya aina nyingine yasiyosubiri uchunguzi. Yakianza pale stima ilipopotea na jenereta ikawashwa, na zaidi ya mtu mmoja akahisi kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje nyote na jenereta izimwe. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua. Jenereta haikai ndani, wala kibarazani, wala chini ya dirisha, hata kama mvua inanyesha na mwizi anaitamani.

Joto linabana hata feni ikizunguka kwa kasi

Uliza kwanza: joto linakuja saa ngapi? Likianza asubuhi na kupungua baada ya adhuhuri, ni ukuta wa mashariki. Likianza saa tisa alasiri, ni wa magharibi. Likiwepo mchana kutwa na kuendelea hadi usiku, angalia juu.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena mapema Machi. Katikati ya tarehe hizo, upande wa Machi hadi Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini kidogo, na miezi iliyobaki liko kusini, lakini siku zote liko juu. Ndiyo maana dirisha la kaskazini au la kusini linatulizwa na kipenu kifupi tu. La mashariki na la magharibi ni habari nyingine, kwa kuwa jua linakuja limeinama na kupita chini ya kipenu chochote. Pazia la ndani huzuia mwanga, si joto, maana miale ikishapita kioo imeshaingia na joto lake litabaki humo humo chumbani. Kizuizi kiwe nje: luva za kusimama, chiki za mianzi, bati lenye matundu, au mti kama unao subira. Madirisha ya mbao ya Mji wa Kale, yale yenye vipande vya kulaza na kuinua, yalitatua jambo hili zamani. Yanazuia jua na macho ya wapita njia, na upepo unapita. Tumeyang'oa tukaweka vioo vya alumini vya kuteleza ambavyo nusu yake haifunguki kamwe.

Kwa paa kuna jaribio dogo litakalowachekesha wenzako. Saa saba mchana, chini ya mabati, fungua mwavuli humo humo ndani ukae chini yake. Ukihisi nafuu papo hapo, ujue hewa ya chumbani si mkosaji mkubwa. Ni mabati yenyewe yanakumwagia miale ya joto utosini, na kiyoyozi kikubwa kitapigana vita visivyo vyake. Paka mabati rangi nyeupe juu, weka dari ya jasi au ya mbao yenye nafasi ya hewa inayopumua pande zote mbili, na ukiweza tandaza karatasi ya alumini chini ya mabati, uso unaong'aa ukielekea kwenye nafasi hiyo ya hewa. Ukiubana uso huo katikati ya mbao mbili bila nafasi, umetupa pesa.

Paa la zege lina tabia tofauti. Linameza jua mchana kutwa na kulitoa jioni, kwa hiyo anayefanya kazi za usiku na wateja wa Marekani katika chumba cha ghorofa ya juu kabisa, Bamburi au Tudor, huteseka saa nne usiku kuliko saa nne asubuhi. Rangi nyeupe inasaidia. Kivuli cha makuti kilichoinuliwa juu ya zege kinasaidia zaidi, ila fikiria moto kwanza na umuulize mwenye nyumba.

Feni haipozi hewa. Inaondoa jasho mwilini, basi. Ukiiacha ikizunguka chumba kikiwa kitupu unalipia stima ya bure. Lakini upepo wa feni unaopita mwilini kwa kasi ya kama mita 0.8 kwa sekunde hukufanya uhisi nafuu ya karibu digrii 3, ndiyo maana kiyoyozi cha 26 pamoja na feni ni raha kuliko kiyoyozi cha 20 bila feni, na bili yake ni ndogo.

Upepo wenyewe tunao. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Dirisha linalotazama mashariki linapata zote mbili, na hapo ndipo kivuli cha nje kinapolipa, maana unakaribisha upepo na kulikataa jua la asubuhi. Ila upepo hauingii chumba usichoweza kutoka. Ikiwa una dirisha moja tu na mlango wako umefungwa, hata uwe ufukweni utatoka jasho. Toboa tundu juu ya mlango, au weka mlango wa luva.

Kuna baridi lakini ngozi inanata, na kuta zinaota kuvu

Hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote. Fundi atakwambia, "Mama, hiki kiyoyozi ni kidogo, tuweke cha elfu kumi na nane." Anasema BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza, si shilingi. Mara nyingi ukweli ni kinyume chake. Kiyoyozi kikubwa mno hushusha joto haraka, kinazima, kinasubiri, kinawaka tena. Unyevu huondoka hewani pale tu koili, yale mabomba ya kupozea yaliyo ndani yake, zinapokaa baridi kwa muda mrefu hadi maji yadondoke, na hiki hakikai. Unabaki na chumba cha digrii 21 chenye hewa ya maji maji. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kivuli cha kutosha kinatosheka na BTU 9,000. Kama kikubwa kimeshafungwa, tumia ile hali ya kukausha yenye alama ya tone la maji, punguza kasi ya feni yake, na uipandishe namba iwe 25 au 26.

Ndipo tuje kwenye kuvu. Hewa ya Mombasa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa maji inapogusa kitu chochote cha digrii 25 au chini. Chumba kilichopozwa hadi 18 kinakuwa na kuta, vioo na migongo ya makabati iliyo chini ya hapo. Kila mlango unapofunguliwa, hewa ya nje inaingia na kuacha maji yake huko. Baadaye ofisi inafungwa, kiyoyozi kinazimwa, unyevu unarudi usiku kucha, na wiki ya pili faili zinanuka uvundo.

Wakati mwingine kuvu huota chumba cha jirani, asiye na kiyoyozi kabisa. Ukuta mmoja mnaoshirikiana unapozwa upande wako na unatoa jasho upande wake. Jirani atapaka rangi ya kuzuia maji, itababuka, atapaka tena, na mtagombana kuhusu bomba ambalo halijapasuka. Jaribio: bandika kipande cha plastiki ukutani upande wenye kuvu, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, uache siku mbili. Matone yakiwa juu ya plastiki, upande wa chumba, unyevu unatoka hewani. Pandisha joto la kiyoyozi. Matone yakiwa nyuma yake, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Tafuta bomba, paa au msingi.

Katika nyumba za matumbawe za Mji wa Kale tatizo la nyuma ya plastiki huwa na mkosaji wake maalumu. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na maji yanayopanda kutoka chini hutoka nje kwa kuvukiza kupitia plasta ya chokaa. Mpangaji mpya akitaka ofisi ionekane ya kisasa anaziba kwa saruji na rangi ya mafuta. Unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, chumvi inasukuma rangi, na vipande vinaanza kudondoka kwenye kompyuta. Dawa ni kubandua saruji na kurudisha chokaa, na fundi wa chokaa hapatikani kila kona. Sogeza makabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani wakati unamtafuta.

Osha vichujio vya kiyoyozi kila mwezi, au kila wiki mbili ukiwa kando ya barabara yenye vumbi. Harufu ya soksi mbichi kinapowashwa ni uchafu wa koili na wa bomba la kutolea maji, marashi hayaiondoi.

Kelele za barabarani haziniachi nikifikiri

Kabla ya kuzilaumu matatu na tuktuk zote, tafuta ni nini hasa kinachokukatiza. Sauti nzito isiyokatika, kama ya malori yanayopanda Changamwe, mwili huizoea kwa kiasi. Honi, vyuma vinavyogongwa kwa fundi wa kuchomelea na mazungumzo yanayoeleweka ndivyo vinavyokata fikra, hata vikiwa na desibeli chache. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 60 mchana kwa maeneo ya biashara. Chumba cha kufikiria kinataka kiwe chini ya 45 hivi. Kumbuka desibeli hazihesabiwi kama shilingi: zikipanda 10, sikio linasikia kama sauti imeongezeka maradufu.

Sauti hupita panapopita hewa. Zima taa usiku, mtu asimame nje na tochi, wewe ukae ndani ukizunguka kingo za dirisha na mlango. Unapoona mwanga, ndipo honi inapoingilia. Tundu la asilimia moja tu ya ukuta linatosha kuuharibia ukuta mzuri sifa yake. Ndiyo maana mtu anaweka kioo kinene kwenye fremu ya kuteleza yenye brashi zilizokwisha na haoni tofauti. Dirisha la kufungua kwa bawaba, lenye mpira unaobana pande zote, hushinda la kuteleza lenye kioo cha unene ule ule. Madirisha ya vipande vya vioo vya kulaza hayazibiki. Ukiyapenda kwa ajili ya upepo, usiyatarajie kukupa utulivu. Ukiweka dirisha la pili ndani ya la kwanza, acha nafasi ya sentimita 10 hivi na vioo viwe vya unene tofauti.

Sasa umeziba, na hewa imekwisha. Hapa watu wengi hukata tamaa na kufungua tena, kumbe suluhisho ni kuhama upande. Karibu kila jengo lina uso wa kelele na mgongo wa utulivu: ua wa ndani, kichochoro cha nyuma, ngazi zenye uwazi. Ziba upande wa barabara, vuta hewa kutoka mgongoni. Meza za kufikiria ziende nyuma, na mapokezi, stoo, mashine ya kuchapisha na chumba cha chai vije mbele vikawe ngao. Mabosi hawapendi ushauri huu, kwa sababu chumba cha mbele chenye mandhari ya barabara ndicho cha hadhi. Basi na wakae huko na honi zao.

Pakiwa hapana mgongo wa utulivu, tengeneza njia ya hewa yenye kona: sanduku la mbao juu ya dirisha, lenye upana wa kutosha, lililopinda mara mbili na kupakwa sponji nene ndani. Hewa inakunja kona, sauti nyingi inaishia kwenye sponji. Seremala wa kawaida analitengeneza.

Kama ni wewe peke yako, spika za masikioni ni jibu la haraka, lakini angalia sauti unayoweka kushindana na barabara. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Masikio yakivuma jioni, umeshazidi.

Nasikia kila neno la ofisi ya jirani, au sauti yangu inarudi

Haya ni maradhi mawili na dawa zake hazibadilishani. Kuzuia sauti isipite kunataka uzito na kuziba. Kutuliza mwangwi kunataka vitu laini na vinene. Trei za mayai hazifanyi la kwanza, na la pili zinalifanya kwa shida.

Kama maneno ya jirani yanasikika, panda ngazi uinue kipande cha dari. Mara nyingi utakuta ukuta wa jasi unaowatenganisha umeishia kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja mrefu kutoka ofisi hadi ofisi. Siri za mishahara zinapita hapo. Ukuta upandishwe hadi kwenye zege, au uwazi ujazwe pamba ya mwamba (rock wool) na kufungwa kwa bodi.

Kama ni mwangwi, piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetema, ni marumaru, vioo na kuta tupu. Mkeka mwembamba haufanyi kitu. Pazia zito la pamba lenye mikunjo, rafu iliyojaa vitabu, kochi, zulia nene, hivyo vinafanya. Hali yetu ya hewa inataka tahadhari moja: kitu kinene kilichobanwa ukutani kinaota kuvu nyuma. Kitenganishe na ukuta kwa sentimita 5 hadi 10. Hewa itapita, na zaidi ya hapo nafasi hiyo hukisaidia kumeza sauti nzito, kwa hiyo hupotezi chochote.

Mvumo wa mashine ni mwepesi kutibu. Weka kiganja ukutani: ukihisi mtetemo, pampu au kipande cha nje cha kiyoyozi kimefungwa moja kwa moja ukutani. Kipewe mipira ya kukalia. Kikaguliwe kama kimeshika kutu, maana upepo wa chumvi hula mabano, na kikianguka hakichagui anayepita chini. Pangaboi linaloguna kila mzunguko lina bawa lililopinda au skrubu iliyolegea.

Macho yanawasha

Tazama skrini ikiwa imezimwa. Ukiona dirisha ndani yake, geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, si mbele wala mgongoni. Mwanga wa jua nje hufika laksi 100,000; mezani unahitaji 500 hivi. Jicho linaloruka kutoka kimoja hadi kingine siku nzima litachoka. Kama kiyoyozi kinakupulizia usoni, elekeza mabawa yake juu, kwa sababu mbele ya skrini tunapepesa kope mara chache na jicho hukauka. Taa za bei rahisi nazo hucheza bila kuonekana. Zielekezee kamera ya simu, na ukiona mistari myeusi inayotembea, badilisha balbu. Yakiendelea kuwasha, muone daktari wa macho kabla hujanunua miwani ya mtaani.

Mgongo, shingo na mabega

Pima kutoka sakafuni. Meza nyingi zinazotengenezwa na mafundi wetu zina kimo cha sentimita 75, na hicho ni kirefu kwa wengi wanaochapa. Mabega yakipanda unapochapa, na maumivu yakiwa kati ya shingo na bega, ama meza ni ndefu ama kiti ni kifupi. Inua kiti hadi viwiko vikae usawa wa kibodi, kisha weka kibao chini ya miguu kama imeanza kuning'inia. Usikate meza kabla ya kujaribu hivyo.

Shingo ikiuma nyuma, ni kompyuta ya mapajani. Skrini yake na kibodi yake zimeunganishwa, kwa hiyo kimoja kitakuwa mahali pabaya siku zote. Iinue juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa urefu wa mkono, na utumie kibodi ya pembeni. Mgongo wa chini ukiuma kwenye kiti cha plastiki, kunja leso au kikoi kiwe mviringo na ukiweke kiunoni. Kama nafuu imekuja baada ya siku chache, hapo unajua kiti cha kununua kiwe na egemeo la kiuno. Maumivu yanayoshuka mguuni au yanayoleta ganzi hayahusiani tena na samani. Hayo ni ya hospitali.

Na inuka. Kiti cha shilingi elfu hamsini hakimsaidii anayekikalia saa tano mfululizo.

Mbu wanauma mchana, ofisini

Huyu si yule wa malaria anayekuja usiku. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, na ndiye anayeeneza dengi na chikungunya, magonjwa yaliyoitikisa Mombasa mwaka 2013 na tena 2017 hadi 2018. Anazaa kwenye maji masafi yaliyotulia. Angalia ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi, visahani chini ya maua, na mitungi ya akiba isiyofunikwa. Imwage na isugue ndoo hiyo angalau mara moja kwa wiki, kwa kuwa mayai yanashika ukingoni na kuvumilia ukavu. Kuwasha dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, katika chumba kilichofungwa ni kurudi kwenye kile kichwa kizito cha saa nane.

Kama bado hujahama

Kero nyingi za hapa juu huonekana siku ya kutazama chumba, ukienda saa inayofaa. Nenda saa tisa alasiri, si asubuhi. Weka kiganja ukuta wa magharibi na chini ya dari. Funga madirisha yote, kaa kimya dakika tano, kisha yafungue yote ukae tano nyingine. Fungua kabati na unuse. Chungulia juu ya dari. Uliza jenereta ya jengo inakaa wapi na moshi wake unaelekea dirisha la nani. Na dalali akisema mchana hapatikani wa kukufungulia, mwambie ufunguo aachiwe mlinzi.